Mimi na Hofu ya Radi



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu sitaandika juu ya fadhila za elimu kama ilivyo kawaida yangu. Nitaeleza jambo nililolificha kwa miaka mingi: mimi mwalimu wenu naogopa radi.

Sisemi ile hofu ya kila mtu, ya kushtuka kidogo na kuendelea na kazi. Wingu jeusi likisimama upande wa Nakonde, viganja hulowa jasho, moyo hunienda mbio na miguu hukosa nguvu. Nanyi mnaijua Tunduma, kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ni zetu. Kwa hiyo karibu nusu ya mwaka naishi nikitazama juu. Nikialikwa harusi Vwawa, kabla ya kuuliza nauli nauliza mawingu.

Ilianza utotoni huko Mbozi, nikiwa na miaka minane. Radi ilipiga mti karibu na shamba letu la kahawa, na ng'ombe aliyefungwa chini yake akafa pale pale. Kilichonitisha zaidi ni maneno ya watu wazima usiku ule, kwamba radi ile imetumwa, na bibi mmoja mzee akaanza kutajwa. Nikakua nikidhani kila ngurumo inamtafuta mtu. Baadaye nilisoma kuwa radi ni umeme wa mawinguni, na kwamba katika Surat Ar-Ra'd, sura ya 13, ngurumo yenyewe inamsabihi Mola wake. Haiko mkononi mwa mchawi. Akili ilikubali, mwili ukakataa.

Machi mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, mvua ilianza kupiga mabati, kisha ikapasuka moja. Niliwaacha watoto wa Juzuu Amma katikati ya Suratul Qaari'a, nikajifungia stoo ya majamvi. Niliporudi, binti mmoja mdogo akaniuliza, "Ustadhi, ulikuwa unaumwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo mwanangu, tumbo."

Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha ubaya wa uongo. Usiku sikulala. Kilichoniuma si radi tena, ni ule uongo, na kwamba niliwaacha watoto wa watu peke yao. Kesho yake nikawaambia ukweli. Wakubwa walicheka. Yule binti hakucheka, alisema yeye huogopa kwenda chooni usiku na hajawahi kumwambia mtu.

Wengine hudhani kuogopa ni upungufu wa imani. Katika Surat Twaha tunasoma kuwa Nabii Musa (a.s.) alihisi hofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, na Mwenyezi Mungu akamtuliza, hakumkemea. Ila Musa hakuukimbia uwanja. Mimi nilikimbilia stoo.

Nikaenda hospitali. Daktari akanieleza kuwa hofu iliyopita kiasi ni maradhi yanayojulikana, na kwamba kila ninapoikimbia huzidi kukua. Tiba yake ni kuikaribia hatua kwa hatua. Nilianza kusikiliza ngurumo iliyorekodiwa kwenye simu, sauti chini kabisa, mama watoto akiwa pembeni yangu. Siku ya mvua huhesabu tangu mwanga hadi mlio, kwani kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Kutoka uwanjani, kukaa mbali na miti na kuingia ndani bado tunafanya. Hiyo ni tahadhari, si woga.

Msimu huu sijaingia stoo. Siku moja nilishika ukingo wa meza hadi vidole vikauma, lakini sura tuliimaliza.

Wazazi, mtoto akikwambia anaogopa, usimcheke wala usimtishe kwa jini. Kaa naye. Nanyi wanafunzi, mkiniona natokwa jasho mvua ikinyesha, endeleeni kusoma kwa sauti. Hunisaidia.

Wabillahi tawfiq.