Daftari la Majirani

Nilidhani benki ingenichunguza mimi. Nilikwenda na hati za mshahara za miezi mitatu na kibali changu cha ukaazi wa kudumu, nimevaa kama mtu anayekwenda kuposa. Ofisa alizipitia, akaridhika, kisha akaomba kitu ambacho sikuwa nacho: hesabu za jengo.

Fleti yenyewe ni hii ninayopanga, ghorofa ya pili, Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Mtaa huu una sifa zake: hapa ilikuwapo shule ya St Peter's alikofundisha Oliver Tambo, na hapa aliishi padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi. Benki haikuuliza hayo. Iliuliza ni wamiliki wangapi hawalipi mchango wa mwezi, bima ya jengo ni hai au imekufa, na mfuko wa akiba una kiasi gani.

Kwa sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1986, anayenunua fleti hununua vitu viwili kwa pamoja: vyumba vyake, na fungu katika visivyogawanyika, yaani paa, ngazi na kiwanja. Papo hapo huwa mwanachama wa jumuiya ya wamiliki, apende asipende. Hawezi kujitoa ila kwa kuuza. Sheria nyingine, iliyoanza kutumika Oktoba 2016, inaitaka kila jumuiya iwe na mfuko wa akiba na mpango wa matengenezo wa miaka 10. Jengo letu halikuwa na mpango wala akiba. Mkopo ukakataliwa, na ruzuku ya serikali kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, niliyotaraji kuiambatisha na mkopo huo, ikakwama nao.

Mimi ni mtoto wa Michenzani, Unguja, katika majumba yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ngazi zilikuwa za serikali, kwa hiyo hazikuwa za mtu. Mama alifagia zake hadi kwenye kona, akaishia hapo. Ujirani kwetu ulikuwa salamu, futari katika sahani iliyofunikwa, na bega chini ya jeneza. Sikupata kuufikiria kuwa deni.

Mwenye fleti alikuwa bibi wa Kireno aliyetoka Msumbiji mwaka 1975. Mimi nilimwita Dona, yeye akaniita mwanangu kwa lugha yake. Alitaka kuuza ili akaishi kwa bintiye. Mpangaji hana kura, basi akanipa uwakala wake katika mkutano mkuu wa mwaka. Tulikutana kwenye maegesho, watu tisa na viti sita. Nilipendekeza mchango uongezwe ili akiba ianze. Watu wakatazama chini.

Baadaye, ngazini, jirani yangu fundi magari, mtu wa Bukavu, alinishika mkono. "Nilipie paa gani, ndugu? Hii yenye kunivujia?"

Sikuwa na jibu. Yeye halipi kwa sababu paa linavuja. Paa linavuja kwa sababu halipi. Na katika mzunguko huo benki haiingii. Anaingia mwenye fedha taslimu peke yake, naye haombi hesabu za jengo, hivyo hana haja ya kuzinyoosha.

Ndivyo ilivyokuwa. Dona alisubiri miezi saba, kisha akauza kwa mtu wa namna hiyo, kwa bei iliyo chini sana ya ile niliyomwahidi. Kabla fleti haijahamishwa, sheria hudai hati ya kuthibitisha kwamba muuzaji hadaiwi na jumuiya. Yake ilitoka bila swali.

Siku ya kuondoka alinionyesha faili la stakabadhi zake za mchango, mwezi baada ya mwezi, hakuna uliokosekana. Bibi yangu alipenda kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Dona lilikuwa kamili. Mali yake ilipotelea katika madaftari ya wengine.

Mwenye nyumba mpya hajanipa uwakala. Mkutano ujao ni mwezi wa tatu. Nitausikilizia ngazini, pamoja na fundi wa Bukavu.