Daraja Lililofungwa

Kwenye gemu la GTA: San Andreas, lililotoka mwaka 2004, unaanza ukiwa umefungiwa upande mmoja. Madaraja yapo, unayaona kabisa, lakini yamezibwa. Ukilazimisha kuvuka, polisi wanakumiminikia kama vile umeua mtu. Mpaka umalize kazi ulizopangiwa, ndipo njia inafunguka.

Gemu hili nililijulia Busisi, kwenye kibanda cha binamu yangu, hatua chache kutoka kivukoni. Sidhani kama kuna mahali lilieleweka haraka kama pale. Wateja wake walikuwa watu waliokwama: makonda, matingo wa malori, wanafunzi wanaorudi shule, wote wakisubiri kivuko cha kwenda Kigongo. Kuvuka kwenyewe ilikuwa kama nusu saa. Kusubiri ndiyo ilikuwa kazi, siku nyingine masaa. Kwa shilingi mia tano unashika pedi, unaendesha gari Marekani, halafu unakuta na kule daraja limefungwa. “Kumbe hata wao!” tingo mmoja alisema, kibanda kizima kikacheka.

Ubishi wa pale ulikuwa hauishagi. Je, lile roboti la Terminator 2 ni stelingi au ni mashine tu inayotii amri? Wengine walishika msimamo: stelingi hafi, na lile mwishoni linazamishwa kwenye chuma kinachochemka, kwa hiyo si stelingi. Watu waliacha kivuko kiondoke kwa ajili ya hoja hiyo.

Likizo moja ya chuo nikaingilia ubishi na kitabu. Nilikuwa nimetoka kusoma Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, Mkenya ambaye mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Nikawasimulia: Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa, anafika sayari ambayo watu wake wanaishi kwa haki na usawa. Litamke polepole jina la sayari hiyo, utasikia: wale ni sisi.

Walikipenda. Mimi, kwa fasihi yangu ya mwaka wa pili, nikawaharibia. Nikasema ile si bunilizi ya kisayansi, ni siasa iliyopandishwa roketi, maana mwandishi hashughuliki na chombo kinavyoruka.

“Kwani San Andreas imekueleza injini inavyofanya kazi?” binamu akauliza. “Hadithi ya kesho inauliza kitu kimoja tu, msomi. Nani anaruhusiwa kuvuka?”

Nilimwona hajasoma. Sikujibu.

Ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi ulianza mwaka 2020. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria. Nusu saa ya kivuko ikawa dakika chache za gari. Niliandika habari yake, na niliandika kwa furaha ya kweli: urefu, upana, nguzo, gharama. Binamu akaisoma kwenye simu, akanipigia.

“Umeandika vile vile ulivyotaka Mkangi aandike,” akasema. “Chombo kimekamilika. Watu wako wapi?”

Niliudhika, kisha nikaona aibu. Hakuwepo kwenye habari yangu. Hawakuwepo wauza mayai, mahindi na karanga, wala yeyote aliyeishi kwa kusubiri kwa wengine.

Usimwelewe vibaya lakini. Kivuko hakililii. Miaka kadhaa nyuma mama yake, yaani shangazi yangu, aliugua ghafla, wakakesha naye pale ng'ambo wakiangalia taa za Kigongo. Alipona, ila binamu hajasahau. “Kibanda kife, mama apite,” aliniambia. Alichotaka ni aandikwe tu kwamba alikuwepo.

Kwa hiyo naandika: alikuwepo. Na kuhusu Walenisi alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Roketi ya Mkangi haihitaji injini. Kazi yake ni kututoa nje kidogo tu, ili tukigeuka tuone nani tumemwacha ufukweni.

Siku hizi yuko Sengerema mjini, na skrini moja. Wateja wanacheza mechi moja ya mpira, wanaondoka, hakuna aliyekwama. Nilipomtembelea, mtoto wa kama miaka tisa alikuwa ndani ya San Andreas, amefika kwenye daraja lililozibwa, anagonga na kurudi nyuma, anagonga tena.

“Anko, sasa kwa nini wamelifunga?”

Binamu akanigeukia. “Mjibu, mwandishi.”