Steshenari ya Mjomba, Sinza, 2008

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo, Mjomba akaniita nikamsaidie kwenye steshenari yake Sinza, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Barabara ya Shekilango. Mlangoni palikuwa na mashine ya fotokopi, pembeni rafu ya madaftari na bahasha, na nyuma ya pazia la kijani kompyuta tatu za mezani na printa ndogo ya leza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, Mlimani, walileta tasnifu zao, vijana walileta CV, makatibu wa kamati za harusi walileta orodha za majina ya kuchapia kadi za mchango. Kadi za mchango ndizo zilizolipa kodi ya chumba kile.

Wote walikuja na flashi. Windows XP ya siku hizo, ukichomeka flashi, iliweza kusoma faili liitwalo autorun.inf na kutekeleza lililoandikwa humo, na waandishi wa virusi walilijua hilo vizuri sana. Flashi iliyotoka hosteli asubuhi ilikuwa imeambukiza kompyuta zetu zote kabla ya adhuhuri, na kutoka kwetu virusi vikaondoka na kila aliyekuja kuchapa. Nilimwona dada mmoja wa mwaka wa tatu akilia kwenye kiti cha plastiki kwa sababu sura nzima ya tasnifu yake ilikuwa haionekani. Jioni ile Mjomba alisema hataendelea kuwaambukiza watu huku anawatoza pesa. Neno lile lilinigusa, maana biashara ilikuwa inakwenda vizuri na hakuna mteja aliyekuwa ametulaumu.

Alikuwa tayari na sidi za Ubuntu, mfumo huria wa Linux. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikizituma bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, na Mjomba alizikuta kwenye sanduku lake la barua: toleo 8.04, lililotoka Aprili mwaka ule ule. Alikuwa mfuasi wa programu huria tangu 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Akaziweka Ubuntu mashine zote tatu usiku mmoja. Flashi za wateja zikaendelea kuja na autorun.inf zao, nasi tukawa tunayaona yale mafaili yamelala pale wazi, hayana la kufanya, tunayafuta kabla ya kumrudishia mtu chake.

Kilichotushughulisha miezi iliyofuata ni draiva, zile programu zinazopeleka maagizo ya kompyuta kwenye kifaa na kurudisha majibu. Kwa Windows kila kifaa kilikuja na sidi yake. Kwa Linux draiva nyingi ziko ndani ya keneli yenyewe, kwenye moyo wa mfumo, kwa hiyo kifaa kikifahamika kinafanya kazi mara tu unapokichomeka, bila sidi wala kuwasha upya. Kisipofahamika, unabaki nacho mkononi.

“Mama, usibahatishe,” Mjomba aliniambia siku ya kwanza. “Iulize mashine.”

Kuiuliza maana yake ilikuwa kufungua teminali na kuandika lspci kwa vifaa vilivyomo ndani, lsusb kwa vile vya kuchomeka, na dmesg kwa kusoma kumbukumbu za keneli, mstari kwa mstari, tangu mashine ilipowashwa. Kila kifaa kina nambari mbili za tarakimu nne: ya kwanza ya kampuni, ya pili ya kifaa chenyewe. Nembo ya nje inaweza kukudanganya. Kuna vifaa vinauzwa kwa jina moja na boksi moja, ukifungua ndani chipu ni mbalimbali, na draiva ya huyu haimfai yule. Nambari haidanganyi. Mjomba alikuwa na kaunta buku jekundu alilolichorea safu: nambari ya kifaa, jina la draiva, amri zilizofanya kazi, tarehe. Ukurasa mmoja wa lile kaunta buku ulikuwa na thamani kuliko ushauri wa mafundi wote wa mtaa ule, ambao dawa yao kwa kila tatizo ilikuwa kufuta mashine na kuanza upya.

Monita yetu moja, ya chogo, ya mitumba, haikuijulisha kompyuta uwezo wake, Ubuntu ikajihami kwa picha ya nukta 800 kwa 600, na vitufe vya chini vya madirisha vikawa nje ya kioo. Mjomba aliigeuza, akafuta vumbi kwenye kibandiko cha nyuma, akanisomea masafa ya mlalo na ya wima nami nikayaandika kwenye faili la xorg.conf. Sauti nayo ilikuwa na siri ndogo. Watu walileta kompyuta wakiamini kadi ya sauti imekufa. Tunafungua alsamixer, chini ya mkondo mmoja tunakuta herufi MM, yaani umenyamazishwa. Unabonyeza M, muziki unaanza. Nilipenda sana kuona nyuso zao wakati ule.

Printa ilikuwa kazi nyingine. Ilikuwa ndogo, nyepesi, ya bei nafuu, na unafuu ule ulitokana na jambo ambalo mnunuzi haoni: ndani yake hamkuwa na mahali pa kudumu pa kutunzia femwea, ile programu inayoiendesha printa yenyewe. Kila ikizimwa inasahau kila kitu. Kwenye Windows draiva ya kiwandani huipelekea femwea upya kimyakimya kila inapowashwa, na mwenye mali hajui kama kuna lililofanyika. Kwetu hakukuwa na wa kuituma. Na umeme wa Sinza ulikuwa ukikatika bila taarifa, mara mbili au tatu kwa siku moja mbaya. Ukirudi, printa inawaka taa ya kijani, inaonekana nzima, lakini ukiituma kuchapa hainyanyui hata karatasi.

Mkombozi wetu alikuwa mtu wa Marekani, Rick Richardson, aliyeandika draiva iitwayo foo2zjs na kuitoa bure kwa ajili ya printa za aina ile. Pamoja nayo palikuwa na njia ya kuipelekea printa femwea kwa mkono. Amri ilikuwa fupi: cat, jina la faili la femwea, alama ya mshale, kisha /dev/usb/lp0. Unabonyeza Enter, sekunde moja ya kimya, halafu ndani ya printa kitu kinagonga, roli zinazunguka, na foleni yote ya kazi zilizokwama inaanza kutoka ikiwa ya moto. Baadaye Mjomba aliweka kanuni ya udev ili mfumo uitume femwea wenyewe kila printa inapoonekana. Lakini wiki zile za mwanzo niliiandika amri ile huku kamati nzima ya harusi ikinitazama begani, na mwenyekiti wao akinihimiza, “Binti, kadi zinagawiwa jioni hii.”

Kuhusu printa, Mjomba alikuwa na hadithi moja aliyoipenda. Karibu na 1980, kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman na wenzake waliletewa printa mpya ya leza ya Xerox. Ile ya zamani alikuwa ameirekebisha programu yake ili karatasi ikikwama, iwajulishe watu waliokuwa wakiisubiri. Mpya ilikwama pia, akataka kuifanyia vivyo hivyo, lakini msimbo wake haukuwepo, na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa kuwa alikuwa ameahidi kutoutoa. Stallman ameeleza mara nyingi kwamba tukio lile lilimsogeza kwenye harakati za programu huria, na mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU. Mjomba alikuwa akinisimulia haya huku anapiga piga kifuniko cha printa yetu. Mimi niliyeshinda nayo kila siku sikuhitaji maelezo zaidi kujua kwa nini mtu mzima akasirikie printa kiasi cha kubadilisha maisha yake.

Halafu zikaja laptopu. Mwalimu mmoja wa sekondari alileta yake, iliyoingia nchini kutoka Dubai ikiwa imeshatumika. Alitaka Ubuntu kwa sababu ile ile ya virusi. Kila kitu kilikubali isipokuwa Wi-Fi. Nilimwamkia, nikaipokea, nikaiuliza mashine: 14e4:4311. Kwenye dmesg keneli ilikuwa inasema waziwazi kwamba draiva ipo, inaitwa b43, na kadi imeiona, ila faili la femwea ucode5.fw halipatikani. Ubuntu ilijitolea kwenda kulichukua. Kulichukua wapi? Kwenye intaneti. Na intaneti ya laptopu ile ilikuwa Wi-Fi.

Penye intaneti ya uhakika jambo kama hilo unachomeka waya, unasubiri dakika mbili, yamekwisha. Sinza ya 2008 haikuwa hivyo. Mawasiliano ya Tanzania na dunia yalikuwa bado yanategemea satelaiti, kwenye kafe ulilipia kwa nusu saa, na faili la megabaiti chache lingeweza kula nusu saa yote na kukatikia mwishoni. Kwa hiyo niliandika majina ya mafaili kwenye karatasi, tena kwa uangalifu, maana toleo likikosewa kwa tarakimu moja safari imekwenda bure. Nikapanda daladala hadi Chuo kwa rafiki yangu aliyekuwa na ruhusa ya kutumia maabara, tukayapakua usiku msongamano ulipopungua, nikarudi nayo kwenye flashi.

Katika mafaili yale mlikuwa na programu iitwayo b43-fwcutter, na kazi yake inaeleza unyonge wetu wote. Kampuni iliyotengeneza kadi haikumruhusu mtu mwingine kuisambaza femwea. Ubuntu haikuweza kuiweka kwenye sidi. Basi kila mtu duniani mwenye kadi ile ilimpasa achukue draiva ya kampuni mwenyewe, aikate, atoe kipande cha femwea kilichomo ndani, akiweke kwenye /lib/firmware. Mwalimu wetu alikuwa ameinunua laptopu kwa pesa yake halali, na bado hakuruhusiwa kupewa kitu ambacho kadi yake haiwezi kufanya kazi bila hicho. Nililiona jambo lile kuwa dhuluma, na sijabadili mawazo.

Ila kilichonishangaza zaidi ni b43 yenyewe. Kampuni haikuwa imetoa maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi. Watu wa kujitolea waligawanyika makundi mawili. Kundi moja liliichambua draiva iliyofungwa, tarakimu kwa tarakimu, na kuandika maelezo ya tabia ya chipu. Kundi la pili, ambalo halikuigusa draiva ile, lilichukua maelezo yale na kuandika draiva mpya kabisa, ili asitokee wa kudai kwamba wameiba msimbo. Kazi yao ya kwanza iliingia kwenye keneli 2.6.17 mwaka 2006, na b43 ikaingia kwenye 2.6.24 mwanzoni mwa 2008, keneli ile ile iliyokuwa kwenye sidi zetu. Watu nisiowajua walikaa usiku mwingi wakiifanyia kadi kazi ambayo kampuni ingeimaliza kwa kutoa kitabu kimoja. Nawashukuru hadi leo.

Niliikata femwea, nikaiweka mahali pake, nikaiondoa draiva kwa modprobe -r b43 na kuirudisha kwa modprobe b43. Mjomba alikuwa na ruta kuukuu isiyounganishwa popote, aliyokuwa akiiwasha kwa majaribio tu. Jina lake likatokea kwenye orodha. Mjomba akaandika kwenye kaunta buku, akanipa kalamu niweke saini yangu pembeni.

Modemu za USB za kampuni za simu zilikuwa na vituko vya namna nyingine. Unaichomeka, lsusb inaonyesha 12d1:1003, lakini mfumo unaitambua kama sidi. Ni kweli ndani yake ilikuwa na sidi ya bandia yenye draiva ya Windows, na hugeuka modemu pale tu inapoamriwa. Tulijifunza kuilazimisha kwa modprobe usbserial tukiitajia nambari zake mbili, hadi kwenye dmesg itokee ttyUSB0. Baadaye usb_modeswitch ikaja kuifanya kazi hiyo yenyewe. Wateja wa modemu walikuwa na haraka kuliko hata kamati za harusi.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM, wa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Bei haikushuka siku ile wala wiki ile, lakini taratibu safari zangu za flashi zilipungua, na kufikia 2010 kampuni ile ya kadi za Wi-Fi ilikuwa imeanza kutoa draiva huria kwa baadhi ya chipu zake mpya. Mjomba alikuwa ameshahamia hatua nyingine. Alisema tumetumia akili nyingi kutibu mashine ambazo tungeweza kutozinunua.

Likizo moja nikaenda naye Kariakoo kutafuta kompyuta mbili za kuongeza. Alikuwa na sidi ya Ubuntu mfukoni na kaunta buku kwapani. Muuzaji alituonyesha laptopu safi, inang’aa, akataja bei. Mjomba akaomba iwashwe kwa sidi yake, kwa kuwa Ubuntu huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye sidi bila kugusa diski ya ndani. Muuzaji akasita.

“Mzee, usiniharibie mali.”

“Haiandiki kitu humo, kijana wangu. Kaa hapa hapa uangalie.”

Nikafungua teminali, nikaandika lspci -nn, nikamsomea nambari moja moja naye akazitafuta kwenye kaunta buku kwa kidole. Skrini, sawa. Sauti, sawa. Waya wa mtandao, sawa. Kwenye Wi-Fi akatikisa kichwa, akamwomba muuzaji alete nyingine ya kando. Ile ya pili ilikuwa na mikwaruzo kwenye kifuniko na kibodi iliyofifia herufi, lakini nambari zake zote tulikuwa nazo. Wi-Fi iliorodhesha mitandao ya maduka ya jirani papo hapo, kutoka kwenye sidi, hatujafanya lolote.

“Hii ya mikwaruzo,” Mjomba akasema. “Bei yake ya mwisho?”