Pikipiki ya Kasi na Amana ya Nafsi

Wapo waumini wanaotuuliza, baadhi kwa mzaha na baadhi kwa kukereka, vipi katibu wa msikiti aonekane juu ya pikipiki ya michezo. Hivi karibuni swali limetujia kwa sura nzito zaidi: mama mmoja ametuomba tumkataze mwanawe, dereva wa bodaboda, asinunue pikipiki kama yetu kwa akiba aliyoiweka kwa ajili ya mahari. Tumeona jibu letu huenda likawafaa na wengine.

Tunayoipanda ni Suzuki SV650 iliyotumika. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1999, nayo ina injini ya cc 645 yenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Ni pikipiki ya daraja la kati: bei yake ni nafuu kuliko zile za mashindano, lakini si dhaifu. Yamaha R6 yenye silinda nne haitoi nguvu zake kamili mpaka injini izunguke zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hii yetu huvuta vyema tangu mzunguko wa chini, wala haidai kubadilishiwa gia kila mara. Unafuu wa bei huonekana kwenye shokapu za mbele: ukishika breki kwa nguvu, kichwa chake huinama, ukipita matuta, mikono hupata habari.

Hata hivyo, hofu ya mama ina haki yake. Boxer ya cc 150 aliyoizoea kijana ina nguvu za farasi kama 12. Hii ina zaidi ya 70. Katika maeneo ya makazi sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, na mwendo huo pikipiki hii huupita ingali gia ya kwanza. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Mkono uliozoea kuvuta mafuta yote ya Boxer unaweza kumfikisha mwenyewe kaburini.

Hatukuona haki ya kuharamisha chombo kilicho halali. Lakini wanazuoni wametaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kwa mizani hiyo tulimwambia kijana mambo matatu. Kwanza, fedha ya mahari imeshafungamana na matarajio ya binti wa watu, isiguswe. Pili, kofia ngumu iliyo bora, koti, glavu na matairi mazima viingie katika bei. Asiyevimudu hajaimudu pikipiki. Tatu, miezi ya mwanzo asipakie abiria, na ajifunze kushika breki mahali patupu. Mtume (SAW) alimfundisha mtu kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo atawakali; nasi kamba yetu ndiyo hiyo.

Mama alitarajia neno moja la katazo, na kijana neno moja la ruhusa. Wote wawili waliondoka na hesabu ya kufanya. Akiba, tumeambiwa, ingali mikononi mwa mama kwa ridhaa ya mwanawe, na posa inaendelea.

Wabillahi tawfiq.