Msuli Chini ya Kitambi

Sisi watu wa visiwani tunayo maneno mawili ambayo kila moja ni nguo na kila moja ni mwili. Msuli ni nguo aifungayo mwanamume kiunoni anapokuwa nyumbani kwake, na msuli ni nyama inayomwezesha kuinua gunia. Kitambi ni kipande cha nguo cha kujifunga, na kitambi ni lile tumbo linalomtangulia mtu mlangoni. Nimesomesha Kiswahili miaka ishirini na mbili na sikupata kulitia jambo hili maanani, mpaka kijana wangu aliposimama mbele ya kioo cha kabati, fulana ameipandisha hadi kifuani, akaniuliza: "Baba, mpaka Julai itawezekana?"

Ilikuwa Disemba ya mwaka 2018. Mtihani wa kidato cha nne alikuwa ameumaliza mwezi uliotangulia, na mbele yake palikuwa na miezi isiyokuwa na shughuli. Julai kwetu Unguja ni mwezi wa wageni. Ulaya ni kiangazi, skuli zao zimefungwa, na fukwe za mashariki hujaa watu. Na ni mwezi huohuo ambapo Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa. Ifikapo wakati huo kijana alitaka awe na tumbo la vipande vipande, lile ambalo wenziwe wanaliita siksi paki. Alikwisha kumimina saruji katika makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba la chuma, na kila alfajiri ua wetu ulijaa mihemo yake.

Nilicheka. Ushairi wetu, kwa kadiri niusomavyo, umesifu macho, umesifu shingo, umesifu mwendo na sauti. Tumbo la mwanamume limeachiwa mshoni. Lakini kijana hakucheka, nami nikaona haya. Mwalimu akiulizwa swali hana budi kulijibu, na mtoto huyu alikuwa ameuliza swali lenye tarehe ndani yake.

Nikajifunza, nikamfundisha. Mbele ya tumbo la kila mtu upo msuli mrefu ushukao kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena. Umekatwakatwa na kano zilizolala, aghalabu tatu, na katikati ukagawanywa na kano moja iliyosimama. Vile viitwavyo vipande ni nyama iliyobaki baina ya kano hizo. Idadi yake na mpangilio wake mtu huzaliwa nao: mwingine hata akonde vipi atapata vinne, mwingine vinane, na vya mwingine vimekaa mshazari kama matofali ya fundi mwenye haraka. Mazoezi huuvimbisha msuli, lakini hayachori mistari mipya. Na msuli huo hauonekani kwa sababu umevikwa mafuta yaliyo chini ya ngozi. Hapo ndipo nilipoiona ile dhihaka ya lugha: msuli umo, kitambi kimefungwa juu yake.

Kwa wanaume walio wengi mistari huanza kudhihirika mafuta yanaposhuka hadi kiasi cha asilimia 10 au 12 ya uzito wote. Wanawake maumbile yamewapa akiba kubwa zaidi, na mwanamke anayeipunguza kupita kiasi huweza kukatikiwa na hedhi. Isitoshe, mtu hachagui mafuta yaanze kuondoka wapi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwafanyisha watu mazoezi ya tumbo siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki sita. Nguvu za tumbo ziliongezeka, mafuta ya tumbo yakabaki palepale.

Mizani ilionyesha kilo 76. Nikakadiria kwamba moja ya tano ya uzito huo ni mafuta, nikapiga hesabu: ili mistari ionekane ilibidi apungue kilo kama saba. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Kupunguza nusu kilo kwa wiki, mwendo usiomdhuru mtu mzima wa afya, ni kuacha kalori zipatazo 550 kila siku, yaani chapati mbili hivi. Kilo saba ni wiki kumi na nne, iwapo hapana wiki itakayoharibika. Na wiki huharibika: kuna harusi, kuna homa, kuna Ramadhani ambayo mwaka ule ingeingia Mei, na futari ya nyumba hii naijua. "Mwanangu," nilimwambia, "ukila kama watu, ukala samaki wako na maharage yako, ukalala usingizi wa kutosha, huenda Julai ukaamka asubuhi ukaiona mistari miwili ya juu kabla hujanywa chai. Ukishakunywa chai itajificha."

Yote hayo yalikuwa sahihi. Katika yote hayo yeye alisikia maneno mawili: kilo saba.

Sasa nieleze kosa langu. Mke wangu ni mzaliwa wa Mungaa, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Ni Mnyaturu niliyekutana naye masomoni Dar es Salaam. Alipendekeza kijana aende kwa babu na bibi yake Januari, awasaidie palizi. Nikaafiki, na kwa mzaha nikaongeza: "Nenda. Huko utayaona matumbo unayoyataka wewe, na hawana makopo ya saruji." Mzaha huo nilikuwa nimekwisha kuulipia miaka ishirini kabla, na bado nikaurudia.

Mungaa ni nchi ya upepo na majabali. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza kiasi cha Novemba au Disemba na kukoma Aprili, na katika msimu huo mtu hupanda kila atakachokula mwaka mzima: uwele, mtama, mahindi, alizeti ya kukamua mafuta na kuuza. Sisi tuliozoea masika na vuli, muhogo shambani na samaki pwani, ni shida kufahamu maana ya kuwa na mvua moja tu. Maana yake ni kwamba Januari na Februari, ambapo jembe halitui chini kwa sababu magugu hayangojei, ndiyo miezi ambayo kihenge kimekaribia kuwa kitupu. Kazi ni nyingi kuliko wakati wowote, na chakula ni kidogo kuliko wakati wowote. Mwili hupigiwa hesabu ileile niliyompigia kijana, isipokuwa huko hapana aliyeuliza swali.

Mara ya kwanza nilifika Februari ya mwaka 1999, nikiwa mchumba niliyekuja kujitambulisha. Baba mkwe alitoka shambani, akapandisha shati kujifuta jasho usoni, na tumbo lake likaonekana kama picha ya kitabu cha tabibu: kila kipande mahali pake. Nami, mgeni mwenye kutafuta neno la kumpendeza mzee, nikasema: "Maashallah, mzee, una mwili wa kijana." Akashusha shati. Alinijibu kwa adabu, akauliza habari za bahari, lakini shati halikupanda tena muda wote niliokuwapo. Usiku mchumba wangu alinambia kwa sauti ya chini kwamba kwao tumbo la Februari halisifiwi. Ukilisifu, umewaambia watu kwamba umekichungulia kihenge chao.

Nilirudi Julai kwa ajili ya harusi. Uwele ulikuwa umevunwa na kupurwa, kuku walikuwa wengi uani, na lile tumbo lilikuwa limefunikwa. Mtu yuleyule, jembe lilelile. Tangu hapo sijaweza kuitazama picha ya mwanamume aliyevua shati kwa ajili ya kutazamwa bila ya kujiuliza ni mwezi gani.

Basi kijana akaenda, na ile hesabu yangu ikiwa katika simu yake. Wiki za mwanzo mama yake alipopiga simu aliambiwa kila kitu ni salama. Kilichokuwa kikitokea tulikijua baadaye. Bibi alikuwa akisonga ugali wa uwele na kuuandaa kwa mlenda, akimkatia mjukuu fungu kubwa kuliko la mtu yeyote, kwa kuwa ni mgeni na ni kijana. Mjukuu alikuwa akila robo yake na kukirudisha chombo. Bibi hakuuliza. Alidhani mtoto wa pwani hawezi uwele. Akauza kuku wawili, akanunua mchele. Mjukuu akala robo ya wali, akarudisha chombo.

Wiki ya tano bibi alimpigia simu mke wangu. Sauti ilikuwa wazi, nikawa nasikia. Hakulalamika kuhusu kuku. Alisema tu: "Mtoto wenu hatupendi."

Nataka msomaji akae kidogo na neno hilo. Katika nyumba ambayo chakula hupimwa kwa kiganja, mwenye kukirudisha chombo amesema jambo, hata kama hakukusudia. Aliyekuwa akijinyima kwa hiari alikuwa amekaa mkeka mmoja na waliokuwa wakijinyima ili yeye ashibe, na juu ya mkeka ule hapakuwa na alama ya kuitofautisha njaa moja na nyingine.

Wala haikuwa njaa ya adabu. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 waliojitolea wenyewe waliishi nusu njaa kwa wiki 24, ili waganga wajifunze jinsi ya kuwahudumia watu wa Ulaya walioharibiwa na vita. Walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Walikuwa wakiota vyakula, wakisoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo barua za mahaba, wakikasirishwa na mambo madogo. Niliposoma habari zao nilimkumbuka kijana wangu katika simu za Februari: mkavu, mfupi wa maneno, isipokuwa alipomsimulia mama yake ni nini atakachokula akirudi Unguja.

Siku chache baada ya simu ile aliona kiza shambani, akakaa juu ya tuta. Babu alimfuata, akampa maji, akamwuliza anaumwa nini. Kijana, kwa aibu, alisema kweli yote: makopo, kilo saba, Julai. Ananihadithia kwamba mzee alicheka mpaka naye akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akamwuliza tena kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Mpaka mwezi gani?"

"Julai, babu."

"Julai? Julai ndiyo tunanenepa."

Akapandisha shati lake, yeye mwenye miaka sabini na zaidi. Tumbo lilikuwa lilelile nililolisifu mimi, ngozi tu ndiyo iliyozeeka. Akamsimulia mwaka 1974, mwaka wa ukame na upungufu mkubwa wa chakula nchini, walipokula ule unga wa mahindi ya njano wa kutoka nje ambao watu waliubandika jina la Yanga. "Wakati ule," alisema, "kijiji kizima kilikuwa na hilo unalolitafuta. Hata watoto." Kisha akamshika mkono, wakaenda nyumbani, na kijana akamwambia bibi yake mwenyewe kwa nini alikuwa akirudisha chombo. Bibi, naambiwa, hakuelewa hata kidogo. Alichoelewa ni kwamba anapendwa, na akasonga ugali.

Alirudi mwisho wa Aprili akiwa na kilo 72, mabega mapana ya jembe na viganja vigumu. Ile mistari miwili ya juu ilikuwapo, asubuhi, mwanga ukipita ubavuni. Ramadhani ikaingia, futari ya mama yake ikafanya kazi yake, na Julai mizani ikasema 74. Alikwenda Makunduchi na wenziwe. Kama alivua fulana au hakuvua, sikumwuliza. Makopo ya saruji yako uani mpaka leo. Moja hulizuia lango lisipigwe na upepo, na jingine mara mojamoja nalinyanyua mimi. Kiuno changu ni sentimita 103, na waganga huanza kumkanya mwanamume afikishapo 94, kwa sababu ya mafuta yasiyoonekana, yale yazungukayo ini na utumbo. Hesabu yangu mimi haina tarehe wala ufukwe.

Zile pesa za kuku wawili nilizituma kwa simu, na juu yake nikatia za mchele. Bibi hakuzitaja. Mwishoni mwa Julai kikaja kiroba cha unga wa uwele, basi mpaka Dar es Salaam na boti mpaka Malindi, na jioni ile akapiga simu. Hakuuliza kama unga umefika. Aliuliza kijana yuko wapi, nasi tukamwambia yuko jikoni, anasonga mwenyewe, na mama yake amesimama kando akimwambia aongeze maji.

"Anasonga wa watu wangapi?" akauliza.