Taa ya Upepo

Magari tuliyoyazoea ujanani hayakuwa na maneno mengi. Yalikuwa na taa ya betri, taa ya oili, na basi. Habari za matairi tulizitafuta wenyewe. Dereva wa shule niliyoanzia kazi, miaka ya 1970, alikuwa na kipande cha nondo ambacho kila alfajiri alikigonga kwenye matairi ya lori, moja baada ya jingine, huku ameinamisha kichwa kama daktari asikilizaye kifua cha mgonjwa. Tairi lililojaa liliirusha nondo kwa mlio mkavu. Lililopungua lilitoa sauti ya mto wa pamba. Ilikuwa njia nzuri ya kugundua tairi lililokwisha kulegea. Kwa tairi lililoanza tu kulegea, nina mashaka nayo.

Siku hizi gari linasema lenyewe. Kwenye dashibodi huwaka taa ndogo ya njano, mfano wa chungu kisicho na mfuniko, na ndani ya chungu hicho mna alama ya mshangao. Kwa hakika hicho si chungu. Ni picha ya tairi lililokatwa, kama lionekanavyo ukisimama mbele yake, na maana yake ni kwamba upepo umepungua.

Taa hii haikuletwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa matairi, baada ya matairi kupasuka katika magari makubwa ya familia yakiwa kwenye mwendo, na watu wengi kupoteza maisha. Ilipofika mwaka 2007 ikawa ni lazima kila gari dogo jipya linalouzwa huko liwe na chombo hiki. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko linacho. Kwetu sisi kimefika kwa njia ya mtumba, bila kitabu cha maelezo, au kitabu kipo lakini kimeandikwa Kijapani.

Chombo chenyewe ni cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, ndani ya kila gurudumu mmewekwa kipimo kidogo chenye betri yake, kinachotuma habari kwa redio. Betri hiyo huishi miaka 5 hadi 10, na mara nyingi haibadilishwi. Ikifa, hununuliwa kipimo kizima. Ndiyo maana katika magari yaliyozeeka taa hupepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha hutulia ikiwaka. Hapo kinachoumwa ni kipimo, si lazima tairi. Aina ya pili haina kipimo cha upepo hata kimoja. Hutumia vihesabio vya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa fupi kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake ili kumaliza safari ile ile, na gari hugundua tofauti hiyo. Nilipoelezwa jambo hili nilifurahi kama mtoto: hesabu ya mzingo wa duara, tuliyoifundisha kwa makopo na kamba, imejificha ndani ya dashibodi!

Gari la mkwe wangu ni la aina hii ya pili. Mwezi Julai alipita kwetu Iringa akitoka Mbeya, ili awachukue binti yangu na wajukuu watatu waende arusini Dar es Salaam. Taa ilikuwa imewaka tangu njiani. Asubuhi, watoto wakiwa wamekwisha kukaa na gunia la mahindi likiwa nyuma, alimwita fundi mmoja wa mtaani aitazame.

"Shikamoo Mwalimu," fundi akanisalimu, kisha akacheka. "Hii taa ni ugonjwa wa magari haya. Dakika moja tu naizima."

Kuna njia mbili za kuizima, na fundi yule alizijua zote. Moja ni kubandika kipande cha gundi nyeusi ya umeme juu yake. Nyingine ni ya kisomi zaidi: chini ya usukani kuna kitufe, ukikibonyeza kwa sekunde chache gari huanza kujifunza upya. Tatizo ni kwamba gari halijui paundi ngapi ni sahihi. Linajua tu ulichoonyesha wakati ulipobonyeza. Ukijaza upepo kwanza ndipo ubonyeze, umelifundisha kweli. Ukibonyeza matairi yakiwa yamelegea, unaliambia kwamba kulegea huko ndiyo hali njema, nalo litakusadiki kwa moyo wote. Nimekaa katika vikao vya matokeo chuoni ambapo mtu alipendekeza alama ya kufaulu ishushwe kutoka 50 hadi 40. Kesho yake waliofaulu walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameongeza neno kichwani usiku ule.

"Ngoja," nikasema. "Tupime kwanza."

"Baba, nimetoka Mbeya nalo likiwa hivi hivi," mkwe wangu akanijibu kwa upole, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. Si jambo jepesi kumzuia mkwe mbele ya mkewe na wanawe. Hata hivyo, mbele yao kulikuwa na kilometa 500 hivi, kukiwa na mteremko wa Kitonga, kisha joto la Ruaha Mbuyuni. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavu kila linapozunguka, na kule kukunjika huzaa joto. Joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zilizo ndani yake. Ongeza mzigo na mwendo, halafu subiri. Halipasuki likiwa limeegeshwa uani. Hupasuka kwenye kilometa 100 kwa saa, lori likija mbele.

Nilileta geji yangu. Wakati ulikuwa mzuri, kwa kuwa matairi yalikuwa yamelala usiku kucha. Tairi hupimwa likiwa la baridi. Likitoka safarini upepo wake huwa umevimba kwa joto na namba hudanganya. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilisema 33. Hiyo ndiyo namba ya kufuata, si ile iliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo chake. Mbele tulipata 33 na 32. Nyuma kushoto, 33. Nyuma kulia, 22.

Hapo pia ndipo msomaji aone jinsi taa hii inavyochelewa. Sheria ya Marekani huitaka iwake pale upepo unapopungua kwa robo, yaani 33 ikiwa imeshuka hadi 25 hivi. Kabla ya hapo hunyamaza. Na matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, kidogo kidogo, hii ya kuhesabu mizunguko inaweza isione kitu, maana hakuna aliyemzidi mwenzake.

Maji ya sabuni yalionyesha skrubu fupi iliyozama katikati ya kashata. Fundi, ambaye sasa alikuwa hacheki, aliling'oa gurudumu, akaziba, akajaza upepo hadi 33, ndipo mkwe wangu akabonyeza kitufe. Tulipoteza dakika 40.

Walipokuwa wanafunga buti nikaomba pia tairi la akiba, lile jembamba lililofichwa chini ya zulia. Ubavuni limeandikwa paundi 60. Lilikuwa na 14. Taa hailichungulii tairi hilo kabisa. Mkwe wangu aliitazama geji, akanitazama, akamrudishia fundi mpira wa kompresa bila kusema neno.