Haradali ya Ndege na Mbaazi za Dada

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haradali ya Ethiopia ni mmea wa kusifiwa. Sisi wa magharibi mwa Kenya twaijua kwa jina la kanzira, na mama zetu huyachuma majani yake kama wachumavyo sukumawiki. Mzizi wake huzama chini kutafuta unyevu, na jua likiwaka huvumilia kuliko mboga nyingi.

Wenzetu wa ng'ambo wao wameitazama mbegu. Tarehe 29 Oktoba, 2012, wataalamu wa Kanada walirusha ndege aina ya Falcon 20 kwa mafuta ya mbegu hizo, bila kuyachanganya na mafuta ya kawaida. Mnamo Januari 2018, ndege ya Qantas ilitoka Los Angeles hadi Melbourne ikiwa imetiwa pia mafuta ya haradali hiyo.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliposoma habari hizi alinijia mbio. "Mjomba, mwambie mama tung'oe mbaazi tupande haradali. Haiogopi jua!"

Mamake, dada yangu, ameolewa Kibwezi, ambako mvua ni ya kubahatisha. Aliposikia hayo alinyamaza kwanza. Msomaji, mbaazi hizo alikwisha kuzing'oa mara moja, mwaka wa 2008, akapanda jatrofa. Mabwana fulani walikuwa wamemhakikishia kwamba mti huo hustawi hata penye mawe. Kweli haukufa. Lakini kutokufa si kuzaa. Alivuna debe moja, na wanunuzi hawakuonekana tena. Mwaka ule watoto walilishwa kwa deni la dukani. Mpwa wangu alikuwa mdogo mno, hakumbuki.

Hakuwa peke yake. Mwaka wa 2009 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya misitu ya KEFRI, walitoa ripoti kuhusu wakulima wa jatrofa nchini: mavuno yalikuwa duni, na mti huo ulifaa kupandwa kama ua tu.

Mmea unaovumilia kiu huishi kwa kujinyima, na mara nyingi inachopungua ni mbegu. Tena huko Uruguay na kusini mashariki mwa Marekani, haradali hii hupandwa majira ya baridi, baada ya mazao makuu kuvunwa. Haing'oi chakula cha mtu. Dada yangu hana shamba la ziada.

Kwa hiyo, wazazi na wanafunzi, kabla ya kushika jembe ulizeni: nani atanunua? Bei imeandikwa wapi? Tutakula nini tukingoja?

Dada hakumvunja mwanawe moyo. Alimpa mstari mmoja kando ya ua. "Majani tutakula," alimwambia. "Mbegu uzipime misimu miwili, uniletee hesabu. Mbaazi zangu usiziguse."